Mguu na Nauli: Historia ya Watembezi wa Milimani katika Uingereza

Wazee wetu walisema kuwa mtembezi hula miguu yake. Methali hii ilikusudiwa kumwonya mzururaji, yule atokaye nyumbani asubuhi bila shughuli akarudi jioni bila faida. Lakini wazee hao hao walisema pia, tembea uone. Baina ya maneno haya mawili hapana ugomvi kwa mtu afikiriye: la kwanza lamkemea atembeaye ili aikimbie kazi, na la pili lamtia moyo atembeaye ili apate maarifa. Katika makala haya nataka kueleza habari za watu waliokuwa wa namna ya pili, lakini wakashitakiwa kana kwamba ni wa namna ya kwanza. Watu hao ni wafanyakazi wa miji ya viwanda ya kaskazini ya Uingereza, ambao kwa zaidi ya miaka 100 walidai ruhusa ya kupanda milima waliyoiona kila siku kutoka madirishani mwa viwanda vyao.

Habari hizi zimekwisha kusimuliwa mara nyingi, na aghalabu husimuliwa kama ugomvi wa mwenye ardhi na asiye na ardhi. Masimulizi hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mlima una milango miwili. Mlango wa kwanza ni idhini ya kupita, na ufunguo wake umo katika sheria. Mlango wa pili ni chombo cha kumfikisha mtu penye njia, na ufunguo wake umo katika mfuko wa mfanyakazi, nao ni nauli. Mwenye farasi au motokaa hauoni mlango huu wa pili kwa sababu kwake huwa wazi daima. Mfanyakazi asiye na kitu ila miguu yake huuona kwanza kabla ya ule mwingine. Nia yangu ni kuonyesha kuwa historia ya watembezi wa Uingereza haifahamiki vema mpaka milango yote miwili itazamwe pamoja, na kwamba kila ulipofunguliwa mmoja, ule wa pili ulikuwa katika hatari ya kufungwa.

Tuanze na ardhi. Zamani vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na ardhi ya jamii. Haikuwa mali ya kila mtu, lakini maskini alikuwa na haki zake humo: kulisha ng'ombe wake mmoja, kuokota kuni, kukata majani, na kupita aendako. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zipatazo 5,200 za kuzigawa ardhi hizo na kuzizungushia ua, na eneo lote lililohusika lilikuwa kiasi cha eka milioni 6.8. Walioshinda waliliita jambo hilo maendeleo ya kilimo, na kwa hakika mavuno yaliongezeka. Walioshindwa hawakuulizwa wangeliitaje. Hata nyika za juu za Pennine, safu ya vilima iliyo kama uti wa mgongo wa Uingereza ya kaskazini, ambazo hazifai kulimwa kwa baridi na matope yake, ziliingia katika mikono ya matajiri, wakazifanya mahali pa kuwindia ndege wa jamii ya kwale. Majira ya kuwinda ndege hao ni toka tarehe 12 Agosti mpaka tarehe 10 Desemba, na katika majira hayo siku za kuwinda hasa ni chache. Lakini walinzi wenye mbwa na fimbo walikaa huko mwaka mzima. Ndege alilindwa na binadamu ili apigwe risasi na binadamu mwingine, na asiyekuwa mlinzi wala mwindaji alihesabiwa kuwa mwizi wa hewa.

Wakati huo huo ardhi ilipokuwa ikifungwa, watu walikuwa wakimiminika mijini. Manchester ilikua kwa pamba na Sheffield kwa chuma. Moshi ulikuwa mzito hata jua la adhuhuri lilifanana na mwezi. Kati ya miji hii miwili vimekaa vilima vya Peak, na kilicho kirefu kupita vyote ni Kinder Scout, chenye mita 636. Kwa mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro kimo hicho ni kichuguu. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kwa mtu aliyeinama mbele ya mashine siku sita, mita 636 za hewa safi zilikuwa karibu na mbingu kiasi cha kutosha.

Reli ndiyo iliyoufungua mlango wa pili kwa mara ya kwanza. Njia ya reli ya Liverpool na Manchester ilianza kazi tarehe 15 Septemba, 1830. Tarehe 5 Julai, 1841, Thomas Cook aliwachukua watu wapatao 500 kwa gari la moshi kutoka Leicester hadi Loughborough kwa nauli ya shilingi moja, kwenda na kurudi. Mwaka 1871 sheria ilitoa siku za mapumziko ambazo benki zilifungwa, na polepole viwanda vingi vilikubali kuwaachilia wafanyakazi nusu ya siku ya Jumamosi. Basi mfanyakazi akapata vitu viwili ambavyo babu yake hakuwa navyo: saa kadhaa zisizokuwa za bwana wake, na kiti katika gari la kumtoa mjini.

Si kila mtu aliyefurahi. Mwaka 1844 mshairi William Wordsworth, aliyekuwa mzee wa miaka 74, alipeleka barua katika gazeti la Morning Post kupinga reli iliyokusudiwa kujengwa kutoka Kendal kuingia katika nchi ya maziwa. Mtu huyu alikuwa ameisifu milima ile katika mashairi yake tangu ujana, naye alikuwa mtembezi hodari. Hofu yake ilikuwa kwamba makundi ya watu wa viwandani yangeharibu utulivu wa mahali pale, na kwamba uzuri wa namna ile hautambuliwi na macho yasiyofundishwa. Reli ilijengwa hata hivyo, ikafunguliwa mwaka 1847, lakini ilikoma Windermere, na mpaka leo haijavuka hapo kuingia ndani ya milima. Mimi ninampenda Wordsworth kwa ushairi wake, na kwa ajili hiyo ningependa asingeziandika barua zile. Lakini nikiwa mwalimu siwezi kuzificha kwa wanafunzi wangu, kwa sababu zinafunza jambo kubwa: mtu aweza kumpenda maskini katika shairi na asipende kukaa naye katika behewa moja. Kwa upande mwingine, tusimdhulumu mzee yule. Swali aliloliuliza halijafa. Uzuri ukikanyagwa na miguu milioni, hubaki uzuri wa nani? Kosa lake halikuwa katika swali bali katika jibu, maana alitaka mzigo wote wa kujinyima uchukuliwe na wale waliokwisha kunyimwa mengine yote.

Baada ya reli vilikuja vyama. Mwaka 1876 watu wa Hayfield, kijiji kilicho chini ya Kinder Scout upande wa Manchester, waliunda chama cha kulinda njia zao za kale. Mwaka 1894 kilianzishwa chama kikubwa zaidi cha kuhifadhi njia za miguu za Peak na wilaya za kaskazini, na mwaka 1897 chama hicho kilifaulu kufungua njia itokayo Hayfield kuelekea nyumba ya wageni ya Snake, ng'ambo ya nyika. Mahali pengine mashauri hayakufaa kitu. Mwaka 1896, karibu na mji wa Bolton, mwenye ardhi aliyeitwa Richard Henry Ainsworth alifunga njia iliyopanda kilima cha Winter Hill. Maelfu ya watu wa Bolton, wakadiriwao kufika 10,000 katika siku moja ya Jumapili, waliandamana na kuipita kwa miguu. Mahakamani walishindwa. Sheria iliwajua wenye hati za ardhi, lakini haikuwajua wenye desturi ya kupita.

Katika mwaka 1894 lilitukia jambo lisilotajwa sana katika vitabu vya siasa, nalo lilikuwa na maana kubwa kwa miguu ya watu: njia ya reli ya kuunganisha Sheffield na Manchester kwa kupitia bonde la Hope ilikamilika, na stesheni ikafunguliwa katika kijiji cha Edale, chini kabisa ya Kinder Scout. Miaka sita baadaye, Jumapili moja ya Septemba 1900, kundi dogo la wanaume na wanawake wa Sheffield liliteremka kutoka katika gari la moshi likauzunguka mlima ule kwa miguu. Aliyewaita alikuwa G. H. B. Ward, fundi wa mitambo, msoshalisti, mtu wa vitabu. Kundi lile likawa chama cha Clarion Ramblers cha Sheffield. Ward alikiongoza kwa miaka mingi, akikitolea kila mwaka kitabu kidogo cha kutiwa mfukoni, ambacho ndani yake safari za mwaka mzima zilikwisha kupangwa na majina ya mahali, njia za kale na hadithi za vijiji vilikwisha kukusanywa. Wanachuoni wengi wa historia ya wilaya zile wangali wanavitumia vitabu hivyo. Ward alifariki mwaka 1957. Alitumia Jumapili zake kuwaonyesha wenzake kuwa mfanyakazi anayeijua nchi yake kwa miguu hawi mgeni ndani yake, hata akiwa hana hati ya shamba hata moja.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza likaja basi. Malori mengi ya jeshi yaliuzwa, watu waliyanunua wakayatia viti, na katika miaka michache hapakuwa na bonde kubwa lisilopitiwa na gari la abiria. Mambo yalikwenda ovyo mpaka Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1930 ilipoweka leseni na utaratibu. Basi lilikuwa na faida moja juu ya reli, kwamba liliweza kwenda kila penye barabara. Lilikuwa na faida ya pili juu ya motokaa, na faida hii ningependa msomaji aizingatie, kwa kuwa wengi huisahau. Mwenye motokaa akiiacha mahali ni lazima arudi pale pale kuichukua, na kwa hiyo safari yake ni ya duara, kama ya mbuzi aliyefungwa kamba. Mwenye kupanda basi hafungwi na kitu. Huteremka katika bonde moja, akavuka mlima, akapanda basi jingine katika bonde la pili. Atokaye Sheffield huteremka Edale, akapanda na kushuka, akaingia Hayfield jioni, na kutoka hapo akarudi kwa njia ya Manchester. Amevuka uti wa mgongo wa nchi kwa siku moja, na mali yake yote imo mgongoni.

Sasa tufike katika mwaka 1932. Uingereza ilikuwa katika dhiki kuu. Watu wasiokuwa na kazi walikaribia milioni 3. Vijana wa Manchester waliokuwa na wakati mwingi na fedha kidogo walikwenda milimani kwa wingi kupita wakati wowote uliotangulia, na kila walipokwenda walirudishwa na walinzi. Miongoni mwao alikuwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20, fundi wa motokaa asiye na kazi, katika chama cha michezo ya wafanyakazi. Kundi lake lilipofukuzwa nyikani, yeye na wenzake walifikiri kuwa walinzi waweza kuwafukuza watu kumi, lakini hawawezi kuwafukuza watu mia nne. Wakatangaza safari ya Jumapili, tarehe 24 Aprili, 1932.

Siku ile polisi walimngoja Rothman katika stesheni ya Manchester wakiwa na amri ya mahakama. Hawakumpata. Alikuwa amekwenda Hayfield kwa baisikeli. Katika machimbo ya mawe ya Bowden Bridge alisimama juu ya jiwe akawahutubia watu wapatao 400, nao wakapanda. Ubavuni mwa mlima walikutana na walinzi, pakatokea vurugu, na mlinzi mmoja akaumia mguu. Watembezi wakapita mpaka ukingoni mwa nyika, wakakutana na wenzao waliotoka upande wa Edale, wakasalimiana, wakateremka. Hawakuvunja kitu wala hawakuchukua kitu. Kijijini polisi waliwakamata vijana sita. Mwezi wa Julai, huko Derby, watano kati yao walihukumiwa kifungo cha kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipewa minne.

Hapa mwanafunzi wa historia yampasa atahadhari na masimulizi mepesi. Vyama vikubwa vya watembezi vya wakati ule havikuwaunga mkono vijana hawa. Viongozi wao walikuwa wakijadiliana na wenye ardhi kwa upole kwa miaka mingi, nao walihofu kuwa ghasia ya siku moja ingeharibu kazi ya maisha. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Lakini kilichofuata kiliwashinda wote wawili, wenye upole na wenye ardhi, kwa maana hukumu ilikuwa kali kuliko kosa, na ukali huo uliwaamsha watu ambao safari yenyewe isingaliwaamsha. Majuma machache baada ya safari ile, mkutano wa kudai njia uliofanywa katika bonde la Winnats ulikusanya maelfu. Yamkini bila wale wapole sheria isingaliandikwa, na bila wale wakaidi isingaliharakishwa. Jembe huhitaji mpini na huhitaji chuma, na haifai kuuliza kipi kilicholima.

Mwaka 1935 vyama viliungana kuwa chama kimoja cha taifa. Mwaka huo huo mwandishi Tom Stephenson aliandika katika gazeti la Daily Herald akipendekeza njia moja ndefu ya miguu juu ya Pennine, kutoka Derbyshire mpaka mpaka wa Scotland. Vita Kuu ya Pili ilisimamisha mengi, lakini fikira hazikulala. John Dower, msanifu wa majengo aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu, alitoa taarifa yake juu ya hifadhi za taifa mwaka 1945, na Sheria ya Hifadhi za Taifa na Ruhusa ya Kufika Mashambani ikapitishwa mwaka 1949. Dower hakuiona; alifariki mwaka 1947. Tarehe 17 Aprili, 1951, Peak ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Njia ya Stephenson, Pennine Way, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 400, ilifunguliwa rasmi tarehe 24 Aprili, 1965. Mwanzo wake ni Edale, kijiji chenye stesheni ile ile iliyofunguliwa mwaka 1894.

Ikiwa yuko mtu mmoja anayeweza kuwa mfano wa mguu na nauli, ni Alfred Wainwright. Alizaliwa Blackburn mwaka 1907, mwana wa mwashi maskini, akaacha shule akiwa na miaka 13 kuwa karani. Mwaka 1930, alipokuwa na miaka 23, alisafiri kwenda Windermere pamoja na binamu yake, wakapanda kilima kidogo kiitwacho Orrest Head. Hapo aliiona nchi ya maziwa kwa mara ya kwanza, na tangu saa ile hakuwa na mapenzi mengine yaliyolingana na hayo. Mwaka 1941 alihamia Kendal kufanya kazi katika ofisi ya hesabu za mji. Mwaka 1952 alianza kuandika kitabu cha kuongoza watembezi, maneno na picha vyote kwa mkono wake mwenyewe, na kazi ile ikamaliza miaka 13 na kujaza juzuu saba, zilizotoka kati ya mwaka 1955 na 1966, zikieleza vilima 214. Wainwright hakujua kuendesha motokaa. Vilima vile vyote alivipanda katika siku zake za mapumziko, akitoka Kendal kwa basi la asubuhi na kurudi kwa basi la jioni. Ratiba ya mabasi ndiyo iliyoamua atapanda wapi na atakaa juu kwa muda gani. Basi kitabu kinachopendwa kuliko vyote na watembezi wa Uingereza, ambao wengi wao leo hukiweka kitini mwa motokaa zao, kiliandikwa na mtu ambaye asingaliweza kuandika hata ukurasa mmoja kama mabasi yasingalikuwako. Kadhalika, mahali pale ambapo reli ya Wordsworth ilikoma, basi la Wainwright lilipita.

Lakini katika miaka ile ile ya juzuu zake, mlango wa pili ulikuwa unaanza kufungwa. Mwaka 1950 motokaa za watu binafsi katika Uingereza zilikuwa kama milioni 2. Kufikia mwaka 1970 zilikuwa zimepita mara nne ya hapo. Mwezi wa Machi 1963 Richard Beeching alitoa taarifa yake juu ya reli, akipendekeza stesheni 2,363 zifungwe. Reli ya bonde la Hope iliponea chupuchupu. Reli ya Hayfield haikupona: ilifungwa mwezi wa Januari 1970. Reli ya Keswick, katika nchi ya maziwa, ilifuata mwaka 1972. Walioahidiwa mabasi badala ya reli waliyapata kwa muda. Kisha Sheria ya Usafiri ya mwaka 1985, iliyoanza kutumika nje ya London tarehe 26 Oktoba, 1986, iliwaachia wenye makampuni uhuru wa kupeleka mabasi wanakotaka, na wao, kama wafanyabiashara wa mahali popote, walitaka kuyapeleka penye watu wengi. Njia za mashambani zilibaki kutegemea ruzuku za halmashauri, na halmashauri zilipopungukiwa fedha, ruzuku hizo zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa.

Niruhusiwe kusimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi Uingereza, nilikwenda siku moja ya mwisho wa Oktoba kutembea katika wilaya ile. Nilipanda kwa njia ya halali, katika ardhi ambayo sheria sasa yaniruhusu kuikanyaga, nikateremka katika bonde jingine saa kumi na moja jioni, nikasimama penye nguzo ya basi. Ratiba iliyobandikwa pale ilikuwa ya majira ya joto. Basi la jioni lilikuwa limekwisha kuondolewa kwa majira ya baridi, na hapakuwa na aliyekumbuka kuibandua karatasi. Nilingoja saa nzima, giza likaingia, nikaanza kwenda kwa miguu kando ya barabara nyembamba isiyo na njia ya waendao kwa miguu, na kila motokaa iliyopita ilinisukuma ukingoni kwa upepo wake. Mwishowe bibi mmoja mzee alisimamisha motokaa yake akanipakia. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana mabasi yalipita mlangoni mwao kutwa, na kwamba sasa, macho yake yakiwa yamefifia, alikuwa akiendesha kwa hofu, kwa sababu siku atakayoacha kuendesha itakuwa siku ya kufungiwa nyumbani. Nilikuwa nimemhurumia mtembezi, yaani nafsi yangu. Bibi yule alinifunza kuwa basi la mtembezi na basi la mwenyeji ni moja, na likiondoka, mtembezi hupoteza Jumapili yake, na mwenyeji hupoteza juma zima.

Sikusudii kusema kuwa hakuna lililofanywa. Mwaka 1970 wakuu wa hifadhi ya Peak waliizuia barabara ya bonde la Goyt isipitwe na motokaa siku za mwisho wa juma, wakaweka mabasi madogo ya kuwachukua wageni, na jaribio lile lilionyesha kuwa watu hukubali kuacha motokaa zao wakipewa kitu badala yake. Mwaka 2000 Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu watu kutembea katika nyika na milima iliyo wazi, na ruhusa hiyo ilianza kutumika katika Peak mwezi wa Septemba 2004. Kabla ya hapo, mwaka 2002, katika ukumbusho wa miaka 70 wa safari ya Kinder Scout, Duke wa Devonshire, ambaye babu yake alikuwa mwenye nyika ile, alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa waliyotendewa vijana wale. Rothman hakusikia, alikuwa amefariki mwezi wa Januari mwaka huo huo. Na mwezi wa Januari 2023 serikali iliweka kikomo cha nauli ya basi katika England, kwamba safari moja isizidi pauni 2, kisha mwaka 2025 ikakipandisha kuwa pauni 3. Mtu wa mjini akaweza tena kuufikia mlima kwa fedha kidogo, kwa sharti kwamba basi lenyewe liwepo.

Msomaji aweza kuuliza, haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Katika mwaka 1949, mwaka ule ule Waingereza walipotunga sheria ya kufungua milima yao kwa watu wao, Mlima Kenya ulifanywa hifadhi ya taifa na serikali yao ya kikoloni. Neno ni moja, maana ni mbili. Hifadhi za Uingereza zilibaki na vijiji vyake, mashamba yake na kondoo wake ndani. Hifadhi nyingi za Afrika Mashariki zilijengwa juu ya fikira kwamba mwenyeji ni mtu wa kutolewa nje. Leo mlango wa kwanza kwetu ni kiingilio, na mlango wa pili mara nyingi ni motokaa ya kukodi. Hata hivyo tunayo neema ambayo Waingereza waliipoteza wakatamani kuirudisha. Basi la Morogoro humshusha abiria chini ya Uluguru. Gari la kutoka Mombo hupanda kona baada ya kona mpaka Lushoto, na huko njia za miguu za Usambara zaanzia sokoni. Matatu ya kutoka Nairobi humfikisha mtu Ngong, na vilima viko mbele ya macho yake. Mabasi haya hayakuwekwa kwa ajili ya watembezi. Yaliwekwa kwa ajili ya wenye kabichi, wanafunzi na wagonjwa. Hiyo ndiyo nguvu yake, maana basi lenye kazi ya kila siku halingoji msimu wa wageni.

Kijijini Hayfield, mahali palipokuwa stesheni, leo pana kituo cha mabasi, na njia ya reli ya zamani imegeuzwa njia ya miguu. Nilisimama pale kabla ya kuondoka Uingereza. Palikuwa na watu wachache wenye viatu vizito, na mama mmoja mwenye kikapu cha sokoni. Basi lilipokuja, wote waliingia kwa mlango mmoja wakalipa nauli ile ile. Rothman na wenzake walikwenda gerezani kwa ajili ya mlango wa kwanza, na majina yao yamekwisha kuandikwa. Mlango wa pili hauna mashujaa wenye majina. Huwekwa wazi na dereva aamkaye alfajiri, na diwani akubaliye kutoa fedha za njia isiyokuwa na faida, na abiria apandaye hata siku ya mvua. Atakayeandika historia ya haki za watu bila ya kuwataja hawa atakuwa amemfikisha msomaji wake mpaka chini ya mlima, akamwacha pale.